Gunia la Msaada Lisiuzwe Sokoni

Kati ya 2020 na 2022, misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo katika sehemu kubwa za ukame nchini Kenya, na Kitui ilikuwa miongoni mwa kaunti zilizoumia. Kwa familia ya Mutomo, Kitui, iliyovuna mabua matupu, mahindi ya msaada wa serikali ndiyo muthokoi, chakula cha mahindi yaliyokobolewa, wa watoto jioni. Ndiyo maana kuyageuza bidhaa ya dukani ni unyama, na sheria nayo haina huruma.

Mtumishi wa umma, awe chifu au karani wa ghala, akiiba chakula alichokabidhiwa, Kanuni ya Adhabu inampa hadi miaka 7 gerezani. Mfanyabiashara anayenunua huku akijua magunia yameibwa yuko pabaya zaidi: kupokea mali ya wizi ni kifungo cha hadi miaka 14. Kudai kwamba yeye alinunua tu hakutamwokoa.

Kisha ipo Sheria ya Kupambana na Ufisadi na Uhalifu wa Kiuchumi ya 2003. Anayejipatia mali ya umma kwa hila hutozwa faini ya hadi shilingi milioni 1, hufungwa hadi miaka 10, au vyote viwili. Tena mahakama humwongezea faini ya lazima, mara mbili ya faida aliyoipata.

Msikilizaji, ukiona chakula cha msaada kikiuzwa, piga ripoti kwa polisi au kwa tume ya kupambana na ufisadi, EACC.