Sifa hazijazi chungu

Ndugu msikilizaji, wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Leo nataka kukusimulia habari za mtu aliyecheza kwao karibu miaka hamsini, akashangiliwa na dunia, lakini katika kutunzwa akapunjwa.

Mtu huyo ni Jack Kirby, mchoraji wa vitabu vya katuni vya Marekani. Alizaliwa New York tarehe 28 Agosti 1917, katika mtaa wa wahamiaji maskini. Wazazi wake walikuwa Wayahudi waliotoka Austria, na baba yake alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha nguo. Kuchora alijifunza mwenyewe, kwa kuiga katuni za magazetini.

Mwishoni mwa mwaka 1940, yeye na mwenzake Joe Simon walitoa shujaa aitwaye Captain America. Katika jalada la kwanza, shujaa huyo anamtwanga Hitler ngumi ya taya. Na kumbuka, ndugu msikilizaji, Marekani ilikuwa bado haijaingia vitani. Ilipoingia, Kirby naye akavaa gwanda. Alipelekwa Ufaransa mwaka 1944, na baridi kali ikamwumiza miguu nusura ikatwe.

Miaka ya 60 ndiyo iliyompa jina. Akiwa na mwandishi Stan Lee katika kampuni ya Marvel, waliwaleta Fantastic Four mwaka 1961, Hulk na Thor mwaka 1962, X-Men mwaka 1963. Mara nyingi walizungumza tu juu ya hadithi. Kisha Kirby alikwenda zake nyumbani, akaipanga yote kwa penseli, ukurasa baada ya ukurasa, na Lee akatia maneno. Meza ilikuwa yake, karatasi na penseli zake. Alilipwa kwa ukurasa, na katika miaka hiyo ya mwanzo hapakuwa na mkataba wa maandishi.

Hapo ndipo palipoanza taabu. Katika miaka ya 80, Marvel ilianza kuwarudishia wachoraji karatasi zao za asili. Wenzake walitakiwa kusaini hati ya ukurasa mmoja. Kirby, aliyechora maelfu ya kurasa, aliletewa hati ya kurasa nne, na akaahidiwa karatasi 88 tu. Mzee akakataa. Wachoraji wengi wakamwunga mkono hadharani, na mwaka 1987 akarudishiwa karatasi kiasi cha 2,000. Nyingi zilikuwa zimekwisha kutawanyika.

Alifariki tarehe 6 Februari 1994. Watoto wake wakaendelea kudai, shauri likafika mahakamani. Mwaka 2013 mahakama ya rufani ikaamua kwamba kazi ile ilifanywa kwa agizo na kwa gharama ya kampuni, hivyo ni mali ya kampuni. Wakaomba kusikilizwa na Mahakama Kuu kabisa ya nchi. Kabla ombi hilo halijaamuliwa, Septemba 2014, pande mbili zikapatana.

Tuseme kweli, hoja ya kampuni ina uzito. Kirby alilipwa ujira wake hata kitabu kilipododa, na hasara ilikuwa ya mwenye kampuni. Lakini swali ni hili: kitabu kikifaulu kupita matarajio ya wote, faida iwe ya nani? Swali hilo halikujibiwa mapema, wakati lilipokuwa jepesi. Likaja kujibiwa na mawakili, mchoraji akiwa kaburini.

Mwaka 1966 Kirby na Lee walimbuni Black Panther, mfalme wa Wakanda, nchi ya kubuni katika Afrika. Mwaka 2018 ikatoka filamu yake, na Lupita Nyong'o wa Kenya akiwamo. Iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.3. Jina la Kirby limeandikwa mle, na hiyo ni heshima. Ila heshima ni jambo moja, na mgawo ni jambo jingine.

Basi wewe unayechora, unayetunga nyimbo, unayeandika michezo, usione haya kuuliza makubaliano yako wapi. Uliza kabla hujashika kalamu, maana siku hiyo hakuna ajuaye kazi hiyo itazaa nini. Makofi ni matamu masikioni, lakini jioni watoto hawali makofi.