MASHINDANO YA SILAHA: NENO NA MAANA YAKE

Neno "mashindano" limezoeleka viwanjani. Watoto wa shule hushindana mbio, kwaya hushindana kuimba, na mwisho wake kombe hutolewa, washindani wakapeana mikono. Neno hilo hilo likiunganishwa na silaha hubadilika kabisa. Hapana mwamuzi, hapana kikomo, wala hapana kombe.

Kiini cha neno hilo kimo katika kiambishi "-ana". Kulimbikiza silaha aweza mmoja peke yake. Kushindana lazima wawe wawili, kila mmoja akimtazama mwenziwe. Kwa hiyo si kila vita huzaliwa na mashindano ya silaha. Mwaka 1896, baada ya wamisionari wawili kuuawa Akeri, chini ya Mlima Meru, majeshi ya Wajerumani yaliwashambulia Wameru na Waarusha. Upande mmoja ulikuwa na bunduki za kisasa. Wa pili ulitegemea zaidi mikuki na ngao. Huo ulikuwa ukandamizaji wa mkoloni, haukuwa mashindano.

Karibu miaka mia baadaye, maana halisi ya neno ilijadiliwa mezani mjini Arusha. Vita vya Rwanda vilipoanza Oktoba 1990, jeshi la serikali lilikuwa na askari wapatao 5,000. Katika miaka michache likafikia wapatao 30,000. Wapiganaji wa RPF nao wakazidi kujiimarisha. Kila upande ulidai kuwa unajihami, na kujihami kwa mmoja kukawa tishio kwa mwingine. Hayo ndiyo mashindano ya silaha.

Mkataba uliotiwa saini Arusha tarehe 4 Agosti 1993 ulikusudia kuyakomesha. Majeshi hayo mawili yalitakiwa kuunganishwa na kupunguzwa hadi askari 13,000, pamoja na walinzi wa usalama 6,000. Lakini mkataba haukutekelezwa, na silaha zilikuwa zimekwisha kusambazwa. Aprili 1994 mauaji ya kimbari yakaanza. Wengi kabisa waliouawa walikuwa raia wasio na silaha yoyote. Arusha ikarudiwa tena, safari hii na Mahakama ya Kimataifa, iliyowahukumu wahusika mpaka ilipofungwa mwishoni mwa mwaka 2015.

Wahenga walisema wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi. Basi kila serikali inaposema kwamba inaongeza silaha kwa kujihami tu, wananchi wana haki ya kuuliza: jirani naye anasemaje?