Gemu na Ubongo wa Kijana

Kijana aliyetumwa unga, akapitia banda la gemu na kumaliza hela zote, huenda si mkaidi. Sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso, inayomwambia mtu "ngoja kwanza", hukomaa akikaribia miaka 25. Ile ya raha hutangulia. Picha za MRI za vijana walionaswa na gemu zimeonyesha tofauti katika sehemu hiyo ya kujizuia.

Si kila mchezaji ni mgonjwa, jamani! Shirika la Afya Duniani, lililoutambua uraibu wa gemu mwaka 2019, hutazama anayeshindwa kujizuia, masomo na usingizi vikiharibika, kwa kawaida kwa angalau miezi 12. Mzazi, usingoje hali ifike huko. Weka fimbo chini, umwone daktari mapema.