Katuni, Manga na Nunda: Wasiwasi wa Wazazi wa Unguja mbele ya Hadithi za Kijapani



1. Utangulizi

Katika nyumba za Mji Mkongwe na za Ng'ambo, kama ilivyo katika miji mingi ya dunia hivi sasa, si ajabu kumkuta kijana baada ya sala ya Isha ameinamia simu hadi usiku wa manane. Akiulizwa anatazama nini, hujibu kuwa ni anime. Mzazi husikia katuni. Mhadhara huu unadai kwamba sehemu kubwa ya ugomvi unaofuata imo katika pengo lililo baina ya maneno hayo mawili, na kwamba hasara iliyo kubwa zaidi ni ile ambayo wazazi huitaja kwa nadra.

2. Neno na maana yake

Neno katuni katika Kiswahili cha kawaida hubeba maana ya picha za kuchekesha, tena za watoto wadogo. Maana hiyo humpoteza mzazi kwa njia mbili. Kwanza, humfanya amwachie mtoto wa miaka minane kila kilichochorwa, akiamini kuwa ni mchezo. Pili, siku anapoona damu, mapenzi au mavazi yasiyo ya heshima, hushtuka na kuzilaani picha zote kwa pamoja.

Wajapani wenyewe hawazichanganyi hivyo. Tangu Tetsuwan Atom ya Osamu Tezuka ilipoanza kuonyeshwa katika televisheni ya Japani mwaka 1963, sanaa hii imekua na matawi mengi. Hadithi huainishwa kwa rika la walengwa: shonen ni za wavulana wanaoinukia, shojo ni za wasichana, na seinen ni za wanaume waliokwisha kukomaa. Mzazi asiyejua mgawanyo huu ni sawa na mtu aingiaye maktabani akadhani kila chenye jalada ni kitabu cha hadithi za watoto.

Upande wa umbo, maneno haya hayapati tabu kukaa katika kinywa cha Mswahili. Kijapani, kama Kiswahili, hupendelea silabi inayoishia kwa irabu. Ndiyo maana karate na judo yalipokewa bila ya kuongezwa wala kupunguzwa kitu. Hata anime si neno la asili la Kijapani, bali ni mkato wa neno lililokopwa kutoka Kiingereza. Na manga, yaani hadithi za picha zilizochapwa, limegongana na neno kongwe la Unguja: Manga ni Uarabuni, hasa Omani, na athari yake imebaki katika pilipili manga na katika jina Mmanga. Mjukuu asemapo kuwa anasoma manga, bibi yake ana haki ya kusikia jambo jengine kabisa.

3. Ugeni usio mpya

Wasiwasi juu ya picha za kigeni una historia ndefu kisiwani. Jumba la sinema la Royal, lililojengwa kwa ramani ya John Sinclair, lilifunguliwa Mji Mkongwe mwaka 1921. Katika miaka ya 1950 filamu za Kihindi, Awara ya Raj Kapoor ikiwa miongoni mwao, zilivuta umati mkubwa, na yakawekwa maonyesho ya wanawake peke yao ili heshima isivunjwe. Baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilikuja Televisheni ya Zanzibar, iliyokuwa ya rangi miaka mingi kabla ya Tanzania Bara kuwa na televisheni yoyote. Kila chombo kilipoingia, wazee walihofia dini, masomo na adabu. Wengi wa wanaolalamika leo ni watoto wa waliolalamikiwa jana.

Hata hivyo, kusema kwamba hofu ni kongwe si kusema kwamba haina msingi. Ulipaswa kuulizwa ugeni wa zamani ulifugwa kwa njia gani. Taarabu ililetwa kutoka Misri katika enzi ya Sultani Barghash, ikaimbwa kwa Kiarabu. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, aliyerekodi nyimbo zake Bombay mwaka 1928, akaifanya ya watu wote kwa kuiimba kwa Kiswahili. Kanga nazo, katika karne ya 20, zilichapwa Japani pia. Lakini maneno yaliyoandikwa juu yake yalikuwa ya Kiswahili, na kwa maneno hayo kitambaa cha ng'ambo kikawa cha kwetu. Kilichofuga ugeni ni lugha.

4. Hasara iliyofichika

Hapa ndipo penye tofauti ya leo. Filamu ya Kihindi ilitazamwa ukumbini na watu wengi, ikasimuliwa upya barazani kwa Kiswahili. Anime hutazamwa na mtu mmoja, sauti ikiwa ya Kijapani na maandishi ya chini yakiwa ya Kiingereza. Kijana hucheka, hulia na kutafakari kwa saa nyingi, wala lugha yake haihusiki. Msamiati wake wa ushujaa, usaliti na huzuni hukua katika lugha ya wengine, naye hukosa maneno ya kumsimulia mama yake alichokiona.

Kwa hivyo marufuku peke yake haitafaa. Tanzania imekwisha kuonyesha kwamba picha za kuchora zinaweza kusema Kiswahili: Ubongo Kids, iliyoanza kuonyeshwa mwaka 2014, hufundisha hesabu na sayansi kwa lugha hii. Kazi ya kutafsiri hadithi za vijana wakubwa bado inawasubiri wafasiri, vyuo na Baraza la Kiswahili la Zanzibar.

5. Hitimisho

Edward Steere alichapisha mwaka 1870 ngano alizozikusanya Unguja. Miongoni mwazo imo ya nunda, paka aliyeachwa akakua hadi akala watu. Kijana wa Sultani alikwenda kumwinda, na kila alipoua mnyama alimburuta mpaka kwa mama yake kumwuliza kama ndiye. Mama alimwonea uchungu mwanawe na alitamani aache. Lakini kila mara alimtazama mnyama aliyeletwa, kisha ndipo akajibu kwamba siye.

Wazazi wa leo wanaombwa wafanye kama mama yule. Watazame kwanza alicholeta kijana, wamsikilize akikisimulia kwa Kiswahili, kisha wamwambie kwa yakini kama huyo ndiye nunda au siye.