Swila Bandani

Msikilizaji, kuku wakianza kulalamika saa nane za usiku, mtu wa Unyambwa, hapa Singida, hahitaji kuulizia kuna nini. Ama ni kicheche, ama ni swila.

Mama mmoja, jirani yetu, aliamka hivyo msimu mmoja wa mvua. Akawasha tochi ya simu, akafungua banda, akainama. Kuku walikuwa wamejibana pembeni wote kama abiria wa daladala. Juu ya mayai kikainuka kitu cheusi, shingo imetanuka kama mwiko. Hakung'atwa. Alitemewa sumu. Alisema baadaye ilikuwa kama mtu amemmwagia maji ya pilipili machoni.

Nyumbani kila mtu akawa daktari. Mmoja analeta tumbaku, mwingine anasaga majani. Shemeji yake akawafukuza wote, akamlaza, akamfumbua kope kwa vidole na kummiminia maji safi polepole, ndoo nzima, kisha ya pili. Kukapambazuka akampeleka hospitali. Macho yalikuwa mekundu kama nyanya, lakini yanaona. Kuku bado anafuga.

Swila huyu hulenga uso makusudi, na mate yake hufika zaidi ya mita mbili. Hatemi kwa chuki. Anakuona mkubwa, anataka usimkaribie, apate nafasi ya kuondoka. Sumu ikidondokea ngozi isiyo na kidonda, haina neno. Ikiingia jichoni na isioshwe, inaweza kupofusha. Akiuma, hiyo ni habari nyingine kabisa: nyama huoza kuzunguka jeraha, na mtu anaweza kupoteza kidole, hata mguu. Tena huyu ana tabia ya kuingia nyumbani usiku na kuuma watu waliolala sakafuni, watu ambao hawakumkanyaga wala kumwona.

Kwa nini aingie? Hapo ndipo tunapojidanganya. Tunasema katumwa. Fulani ana kinyongo na sisi, kamtuma nyoka. Huu ndio mkoa ambao miaka ya 1940 ulitikiswa na mauaji ya watu-simba, watu waliosemekana kutumwa kuua kama simba, kwa hiyo sisi wa Singida tungepaswa kuwa wa kwanza kujua hofu ya mnyama wa kutumwa inavyoweza kuvuruga vijiji. Swila hakutumwa na mtu. Amealikwa. Gunia la alizeti liko uvunguni, panya wako ndani ya gunia, vifaranga tumewafunika kwa tenga palepale tunapolala. Tunajisifu kwa mafuta ya alizeti na kuku wa kienyeji, na ni haki yetu, lakini kwa nyoka chumba hicho ni hoteli.

Basi magunia yatoke chumba cha kulala, yawekwe juu ya chaga. Banda liinuliwe na lizibwe kwa wavu wa matundu madogo, maana tundu linalopitisha panya linapitisha na nyoka. Anayelala chini apewe kitanda, hata cha kamba. Chandarua kichomekwe vizuri chini ya godoro. Kile cha malaria kinamzuia na swila.

Shambani mambo ni tofauti. Huko adui ni kifutu, mnene, mvivu, rangi yake ni majani makavu matupu. Nyoka wengine wakisikia kishindo hukimbia. Yeye hutulia tu akiamini hujamwona, na kwa kawaida kweli hujamwona. Buti na tochi, basi. Sina ushauri mwingine.

Sasa tuseme mtu ameumwa. Wengi tunakimbilia kamba, wembe na lile jiwe jeusi. Kamba ikikazwa, sumu ya swila au kifutu inabanwa sehemu moja na kuila nyama vizuri zaidi. Wembe unaongeza kidonda. Jiwe jeusi, msikilizaji, mara nyingi ni mfupa wa ng'ombe uliochomwa. Linanata kwenye damu, ndiyo, lakini kunata si kunyonya sumu. Simlaumu sana mganga. Yuko jirani, anafungua usiku, na anakopesha. Lakini saa tatu zinazopita mtu akiwa na jiwe mguuni, hakuna atakayezirudisha. Mvue pete na bangili kabla hajavimba, mguu usitikisike, msimtembeze, mpakieni bodaboda katikati ya watu wawili. Nyoka mwacheni aende. Kumsaka gizani kunaleta mgonjwa wa pili.

Halafu anafika hospitali, na dawa hakuna. Hapa lawama inavuka mipaka ya Singida. Mwaka 2014 kampuni ya Sanofi Pasteur ya Ufaransa iliacha kutengeneza moja ya dawa za sumu ya nyoka zilizotegemewa sana Afrika, kwa sababu haikuwa na faida. Chupa za mwisho zilikwisha muda Juni 2016. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likaingiza sumu ya nyoka kwenye orodha ya magonjwa yaliyosahaulika. Shirika hilo linakadiria watu 81,000 hadi 138,000 hufa kila mwaka duniani, na wanaobaki na ulemavu ni kama mara tatu ya hao. Lengo lao ni vifo hivyo vipungue nusu ifikapo 2030. Wanaoumwa ni wakulima na wafugaji na watoto wao. Nyoka angekuwa anauma watalii, dawa ingekuwa inauzwa uwanja wa ndege.

Usisubiri mtu aumwe. Kesho ukipita zahanati ya kwenu, ingia, usalimie, uulize: sindano ya kutibu sumu ya nyoka mnayo? Kama hawana, uliza iliyo karibu iko wapi, na usiku simu inapokelewa na nani. Andika jibu ukutani kwa mkaa, karibu na mlango, mahali ambapo hata mtoto anayejua kusoma ataliona.