Kitanda, Mlo na Mtu wa Kumuuliza: Wiki ya Kwanza Chuoni Mtwara



Masomo ya chuo kikuu yalipoanza nchini mwetu, Oktoba 1961, wanafunzi 14 wa sheria walipokewa katika jengo la Mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam. Watu 14 wanafahamiana majina na makwao kabla ya jua kuzama. Leo wageni huingia kwa mamia, na wingi huo tunaupokea kwa hotuba: siku nzima ukumbini, mkuu baada ya mkuu. Hoja yangu ni kwamba mwanafunzi mpya hatulii kwa hotuba. Hutulia akipata pa kulala, cha kula na mtu mmoja wa kumuuliza.

Chuo Kikuu Kishiriki cha Stella Maris kimekuwepo Mtwara tangu 2009, chini ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino. Taasisi ya Uhasibu nayo ina kampasi hapa. Kwa hiyo kijana wa Bukoba au Tarime hujikuta amepangiwa Mtwara, naye hajawahi kuvuka Rufiji. Kutoka Dar es Salaam peke yake ni zaidi ya kilomita 550. Anashuka stendi na begi, ndoo na godoro lililofungwa kamba, na mtu wa kwanza kumchangamkia ni dalali. Anaonyeshwa chumba giza likiingia. Anaambiwa kuna mwenzake anakitaka, afanye haraka. Anatoa kodi ya miezi sita. Asubuhi anafungua bomba, linakohoa tu. Luku inachangiwa na wapangaji wote, na nyumba yenyewe iko bondeni. Mvua za Desemba zikishika, maji yatamfuata kitandani. Hapo hajafungua daftari hata moja.

Jambo hili lina dawa, na haihitaji bajeti. Viongozi wa wanafunzi wakae stendi siku za mapokezi, wakiwa na orodha ya vyumba walivyovikagua wenyewe mchana. Mgeni alale usiku wa kwanza hosteli, hata kwa kubebana, kuliko kulipia chumba alichokiona kwa tochi ya simu.

Fedha ndiyo inayonisumbua zaidi. Bumu, yaani fedha za mkopo wa mwanafunzi, haliingii kabla usajili haujakamilika, na usajili hudai sehemu ya ada kwanza. Sasa tazameni kalenda ya mkoa wetu. Minada ya korosho huanza Oktoba. Mkulima wa Tandahimba au Newala anapeleka mzigo ghalani kupitia chama chake cha msingi, anapewa stakabadhi, kisha anasubiri mnada na malipo. Vyuo vinafunguliwa Oktoba hiyohiyo au Novemba. Mzazi mali anayo, imekwisha kupimwa na kuandikwa, ila shilingi hajaishika. Mtoto wake yuko dirisha la mhasibu, nyuma yake foleni, anaambiwa arudi akiwa na risiti ya benki. Wapo wanaorudi kijijini moja kwa moja. Chuo kilichojengwa katikati ya mikorosho kinapaswa kuijua korosho. Mtoto wa mkulima aruhusiwe kusajiliwa kwa ahadi ya maandishi, alipe mnada ukishalipa.

Kuhusu chakula sina mengi: mwonyesheni mgeni mamantilie anayeaminika, na mwambieni ugali wa muhogo ndio wa hapa, aliyekulia kwenye ndizi atauzoea. Bahari nayo itamvuta. Aende ufukwe wa Shangani, ila asiende peke yake, maana wengi wa bara hawajui kuogelea wala hawajui maji yanajaa saa ngapi.

Kuna mwanafunzi mwingine tunayemsahau kwa sababu tunamwita mwenyeji. Huyu anatoka Msimbati au vijiji vya kando ya Ruvuma. Samaki, upepo na mitaa ya mji huu anavifahamu. Lakini kompyuta huenda hajaigusa, na lekcha ya kwanza ya Kiingereza inampita kama gari la usiku. Anakaa nyuma, kimya, na kwa kuwa kwao ni karibu hakuna anayemuuliza hali. Mpangeni pamoja na yule wa Tarime au Bukoba. Mmoja amtembeze mwenzake sokoni na kumfundisha kuamkia wazee mtaani. Mwingine akae naye maktaba, amwonyeshe namna ya kujisajili kozi na kutafuta kitabu. Kila mmoja ana anachokijua na anachokihitaji, na hakuna atakayejiona mzigo.

Naiomba semina hii iazimie mambo mawili kabla hatujatawanyika: hotuba za mapokezi ziishe ndani ya asubuhi moja, na maombi ya kusajili watoto wa wakulima kwa ahadi yafike mezani kwa wakuu wa vyuo kabla ya mnada wa kwanza wa msimu.