Concorde: tuhesabu milango mbele ya kuhesabu wafu

Maneno yaliyosemwa mbele ya vijana wa Kadutu



Karibu kila mutu hapa Kadutu iko na siku yake ya Stade de la Concorde. Kuna aliyebebwa mabegani na kaka yake ili aone Muungano na Bukavu Dawa. Kuna mama aliyeuza karanga mlangoni akalipa masomo ya batoto. Wengine waliingia kwa maombi, kwa muziki, ao kumsikiliza mwanasiasa anayetafuta kura. Mji wetu ni wa milima. Mahali tambarare pa kukutanisha maelfu ya watu ni pachache sana. Njo maana kila kitu kikubwa kinakimbilia pale.

Uwanja haujawahi kuwa wa mpira tu katika inchi yetu. Tarehe 4 Januari 1959, kule Kinshasa, watu walitoka kwenye mechi katika uwanja ulioitwa Roi Baudouin, leo Tata Raphaël. Walikutana na wafuasi wa ABAKO waliokuwa wamekatazwa mkutano wao. Siku ile iliharakisha uhuru, na mpaka leo kila 4 Januari tunakumbuka waliokufa.

Baadaye Mobutu alijenga uwanja mwingine mkubwa, akauita Kamanyola, jina la kwetu Sud-Kivu. Alipoanguka mwaka 1997, ukaitwa Stade des Martyrs, kwa kukumbuka watu wanne walionyongwa Juni 1966. Wakubwa wanabadilisha majina ya viwanja. Siye tunauliza juu ya milango.

Juu ya nini milango? Tarehe 29 Oktoba 2022, katika uwanja huo wa Martyrs, watu 11 walikufa kwenye konseri ya Fally Ipupa. Tarehe 27 Julai 2024, palepale, watu 9 walikufa kwenye konseri ya Mike Kalambay. Watu walisongamana, wakakanyagana. Walikuwa wamevaa vizuri, wamelipa, wameaga nyumbani kwamba watarudi. Uwanja ule unahesabiwa kuwa wa watu 80.000. Ikiwa pale watu wanakufa, itakuwa je hapa kwetu, penye njia nyembamba na miteremko?

Hatuombi uwanja ufungwe. Uwanja ni wetu, na ukifungwa batoto watabaki kucheza barabarani katikati ya motari. Tunaomba mambo matatu.

Kwanza, idadi ya watu wanaoweza kuingia iandikwe mlangoni, na tiketi zisipite hapo.

Pili, milango yote ya kutokea ibaki wazi tangu mwanzo mpaka mwisho, bila gari kuziba njia. Bamama wanaouza wapewe mahali pao, wasifukuzwe.

Tatu, franga za kiingilio zitangazwe: zimeingia ngapi, na ngapi zimeenda kutengeneza uwanja.

Mutu asikwambie kwamba haya ni fujo. Katiba ya 2006, kipengele cha 27, inampa kila Mukongomani haki ya kuandikia viongozi ombi, peke yake ao pamoja na wengine, na viongozi wanapaswa kujibu ndani ya miezi 3. Karatasi ya sahihi iko hapa mezani. Soma kwanza, njo utie sahihi. Ukiona kuna neno halifai, sema, turekebishe pamoja.

Lakini tusikae tu kungojea majibu. Mechi inayokuja, tunatafuta vijana wawili kwa kila mlango, na daftari. Wataandika mlango gani umefunguliwa, gani umefungwa, saa ngapi. Bila jiwe, bila matusi. Kiongozi anaweza kukataa kelele zetu, lakini itamshinda kukataa daftari lililoandikwa mlango kwa mlango.

Concorde maana yake ni kupatana. Basi tupatane juu ya jambo hili moja: aliyeingia muzima atoke muzima.